Kwa Luhusa ya Shefu

Hapa hakuna jina la mtu. Waliosema watachapa maneno haya wameniomba nisitaje majina, nikakubali, maana nimechoka kubishana na watu waliosoma. Lakini kazi ya mtu si jina lake. Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, ni shefu wa avenyu, mtu wa protokole ni mtu wa protokole. Nitawaita kwa kazi zao. Watakaosoma kule kwetu kilimani watajua ni nani, na yeye mwenyewe atajijua.

Mimi ni fundi wa mbao, hapa Bukavu. Shule niliacha mwaka wa nne wa primeri baba alipougua. Kusoma ninasoma, polepole, kwa kidole. Kuandika ninaandika sawa vile ninavyosema. Kiswahili changu ni cha soko na cha misa, chini yake kuna Mashi ya mama, na kifaransa cha misumari na vipimo.

Festivali ya vitabu ilinifikia kwa sababu ya mabenchi. Si kwa sababu ya kupenda vitabu. Mamzele mmoja aliingia kwenye atelye yangu akiwa na viatu vyeupe, akasimama katikati ya takataka za mbao kama mtu anayeogopa kukanyaga kuku.

"Papa fundi, tuko natafuta mabenchi ishirini. Marefu."

"Ya kanisa?"

"Ya festivali. Festivali ya vitabu."

"Vitabu vinakaa ku benchi?"

Wenzangu wawili ninaofanya nao kazi wakacheka. Yeye pia akacheka, njo maana nikamsikiliza. Akasema watu njo watakaa, watu wa Nyalukemba, kule chini kwa matajiri, na watu wa huku juu, benchi moja, bega kwa bega. Hakutaka viti. Kiti, alisema, kinamwambia mtu kwamba yuko peke yake, na festivali yao ilikuwa ya kuleta pamoja watu ambao hawaletwi pamoja: wanaotembea kwa fimbo, wasiosoma, wajane, watu wa kilimani ambao mji unawakumbuka tu siku ya udongo kushuka. Kila mtu atapata nafasi ya kusema neno lake kwenye mikro.

"Hata wewe, papa. Tuko na atelye ya kuandika."

"Atelye niko nayo hii."

"Ile ni ya maneno."

"Bon. Na maneno munayapiga raboti?"

Alisema ndiyo, kidogo. Mimi nikaendelea na kazi. Nilikuwa nasawazisha ubao, raboti inakwenda, makapi yanaanguka. Kisha akasema wataalika na mashefu wa avenyu wote, watakaa pale pale, wasikie watu wao.

Hapo niliweka raboti chini.

Lazima nieleze kwa nini, la sivyo utafikiri nilikuwa natafuta sifa. Kwa misimu mitatu ya mvua nilikuwa nataka jambo moja tu. Nilitaka sentensi moja isemwe mbele ya watu, na shefu wa avenyu yetu awe amekaa pale, asikie, na watu wamuone anasikia. Basi. Sikutaka afungwe, gereza nalijua, halifungi watu wa namna ile. Nilitaka isemwe.

Nilijaribu. Nilikwenda kwa ofisi, nikaambiwa nilete karatasi ya avenyu, na karatasi ya avenyu inatiwa sahihi na shefu wa avenyu. Nilikwenda kwenye mkutano wa avenyu, na anayegawa neno pale ni shefu. Aliniangalia, akagawa neno kwa mwingine. Nilisema kwenye shirika, kikundi chetu cha sala cha mtaani, nikaambiwa nisamehe. Nikauliza nisamehe nini, wakati hakuna aliyesema kwamba kuna kitu kilifanywa. Wakafunga kwa Salamu Maria.

Sasa jambo lenyewe. Kwetu kuna bonde, refu, limekatika katikati ya kilima. Wazee waliotutangulia walipanda mikaratusi pande zote mbili, na ile miti ilikuwa imeshika udongo kama vidole. Kila mtu alijua haikatwi. Kisha mikaratusi ikaanza kuanguka. Kwanza mitano. Kisha upande mzima. Aliyetoa luhusa ni shefu wa avenyu, kwa karatasi yenye muhuri. Aliyepima viwanja mahali miti ilipokuwa ni mtu wa kupima, aliyekuja na kamba na chupa ya bia, akapima mtelemko ule kama anapima uwanja wa mpira. Aliyenunua magogo ni mwenye msumeno wa mashine, kule chini. Na aliyenunua mbao kwa mwenye msumeno ni mimi.

Ndiyo, nimejiandika. Nilijua zilitoka wapi. Ubao wa mti uliokatwa nyumbani unaujua hata kwa harufu. Nilijiambia kama si mimi atanunua mwingine, na nilisema kweli, angenunua mwingine. Nikajenga nyumba yangu kwa mbao zile, kwenye kiwanja kimojawapo, kwa karatasi ya shefu huyo huyo.

Msimu wa mvua uliofuata mlango wa nyumba yangu ulianza kugoma. Ulikuwa haufungi chini. Nikaupiga raboti. Baada ya wiki mbili ukagoma tena, nikaupiga tena. Mara ya tatu nilisimama na raboti mkononi, nikajua. Fundi yeyote wa kilimani anajua: mlango ukigoma mara tatu, mlango hauna kosa, nyumba njo inatembea. Nilijua, na nikaupunguza tena, ukafunga, nikafurahi kwamba umefunga.

Udongo ulishuka mchana, saa ya watoto kutoka shule. Mke wangu alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nimerudi kuchukua msumeno mdogo. Binti yangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anavua viatu, nilimsikia anaviweka chini, kimoja, kisha kingine. Ukuta wa mbao uliniangukia, ukanishika mguu, na ule ukuta njo uliniokoa, maana tope lilipita juu yake. Yeye hakuwa na ukuta. Walimtoa siku ya pili. Alikuwa na miaka tisa.

Mguu walinitengenezea Katana, pale hospitali, walinitunza vizuri, siwezi kusema vingine. Natembea kwa kuinama upande. Mke wangu yuko huko Katana mpaka leo, kwa dada zake. Anasema, tangu nilipomweleza, akiona kilima kile anasikia viatu. Mimi ninaishi kwenye atelye, nyuma, penye mbao. Wakubwa wa mji wamebadilika tangu wakati ule, bendera na magari vimebadilika. Shefu wa avenyu amebaki.

Basi nilikwenda kwenye atelye ya maneno. Ilikuwa inafanywa kwenye salle moja ya shule, Nyalukemba, Jumamosi asubuhi. Tulikuwa watu kama kumi: mama wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwa, kijana mmoja asiyeona, muzee aliyekuwa mwalimu zamani, na mama mwimbishaji. Huyu mama anaishi chini ya kiwanja kilichokuwa changu, yeye na watoto watatu. Kwenye kikundi cha sala yeye njo anainua nyimbo. Sauti yake inaingia kabla yake mwenyewe hajaingia.

Sitasema uongo, nilipenda zile Jumamosi. Kijana asiyeona alisema habari za barabara yetu kwa jinsi anavyoisikia, mama wa sambaza akalia, kisha akamwambia, "Mutoto, na miye sauti yangu unaijua?" Akamwambia, "Wewe njo unadanganyaka kipimo." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Watu wa Nyalukemba waliokuwa wanapita na mbwa wao walisimama mlangoni, na mmoja akaingia akakaa. Mbwa pia. Nikafikiri, labda mamzele anajua anachofanya.

Mimi niliandika kwenye kaye, kurasa mbili. Ilinichukua Jumamosi tatu. Mwisho wake ulikuwa hivi: *Miti ya bonde ilikatwa kwa luhusa ya shefu wa avenyu yetu, na mutoto wangu alikufa juu ya ile luhusa.* Mamzele alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Papa, unajua atakuwa pale."

"Njo nataka."

"Protokole watasema tuondoe hii. Tuseme 'watu fulani'."

"Watu fulani hawana muhuri."

Kisha akasema atapigana. Na alipigana, nilisikia baadaye. Mtu wa protokole, yule mwenye kibeji shingoni anayepokea wakubwa na kuwapanga, alitaka mstari ule utoke, alisema festivali ni ya kuunganisha, si ya kushtaki. Mamzele akamwambia mstari ukitoka na yeye anatoka. Mstari ukabaki. Namwandika hapa kwa wema wake, na kwa kosa lake nitamwandika pia.

Alichukua kaye yangu akachape maneno kwenye mashine. Alisema herufi zangu ni ngumu kusoma mbele ya watu. Na kaye yenyewe wataiweka mezani siku ya festivali, pamoja na kaye za wengine, ili wageni waone kwamba kila mtu anaweza kuandika. Nikasema sawa. Sikuona ubaya. Nani aone ubaya pale?

Siku yenyewe walituletea basi kilimani. Mama walivaa vitenge vya Pasaka. Mama mwimbishaji alikuwa na ngoma ndogo kwenye mapaja.

"Ngoma ya nini?" nikamuuliza.

"Siendake fasi bila ngoma, papa. Wewe unaendaka fasi bila nyundo?"

Tulipofika uani niliangalia mabenchi yangu kwanza. Yalikuwa yamepangwa vizuri, ishirini, marefu. Lakini mbele yake kulikuwa na viti vya plastiki, safu nzima, vimefunikwa kitambaa cheupe. Mamzele alikuwa anavizunguka na uso umekunjamana.

"Si mimi, papa. Protokole."

"Naona."

"Nilisema hapana viti."

"Naona, mamzele. Wacha."

Shefu wa avenyu yetu alikuwa tayari amekaa. Kiti cha tatu kutoka kushoto, suti ya kijivu, kofia kwenye goti. Alinipungia mkono. Amenipungia mkono hivyo misimu mitatu, kama mtu asiye na deni la neno kwa yeyote.

Mamzele akanipa karatasi iliyochapwa, safi, herufi kubwa kwa ajili yangu. Sikuisoma. Ilikuwa maneno yangu, nayajua kwa kichwa, niyasome ya nini? Hilo ni kosa langu la pili, baada ya mbao.

Walisoma wengine kwanza. Wapo waliosoma kwa kifaransa, mashairi ya watu wa chuo, na sisi wa mabenchi ya nyuma tulipiga makofi kila waliponyamaza, hata pale walipokuwa wanapumua tu. Kijana asiyeona alifanya watu wote wacheke, wa viti na wa mabenchi, na kwa muda ule, siwezi kukataa, tulikuwa watu wa uwanja mmoja. Mama mmoja wa Nyalukemba mwenye miwani alimpa mama wa sambaza nafasi, akamshikia mtoto. Hayo yalitokea, niliyaona, na yaandikwe.

Kisha zamu yangu. Mtu wa mikro akasema kwa kifaransa neno *témoignage*. Akaona watu wa kilimani hawajasikia, akageuza, "Sasa tusikilize ushuhuda."

Kama angesema "habari", au "maneno ya papa fundi", labda leo ningekuwa naandika kitu kingine. Kwetu ushuhuda una njia yake. Mtu anasimama kwenye kikundi cha sala, anasema alivyoteseka, anasema Mungu alivyomtoa, watu wanasema Amina. Na kama anayeshuhudia akikwama, koo likimfunga, hawamwachi amesimama pale peke yake. Mmoja anainua wimbo, wote wanashika, na yule mtu anapumzika. Ni huruma. Na wimbo ukishainuliwa, umekwisha. Harudi kusema tena. Wimbo njo umemalizia.

Nilipopanda, mabenchi ya nyuma wakasema kwa pamoja, "Bwana asifiwe." Nikajibu, "Milele amina." Mdomo ulijibu wenyewe, umezoea. Hapo tayari nilikuwa kanisani bila kujua.

Nilianza kusoma kwa kidole. Bonde. Mikaratusi. Niliposoma pale udongo uliposhuka mtu akasema, "Yesu." Niliposoma ukuta ulivyoniokoa wakasema, "Amina," kwa nguvu, na wengine wakapiga makofi, kwa sababu katika ushuhuda hapo njo pa kupiga makofi, mtu ameokolewa. Nikataka kusema hapana, si hapo, ngojeni. Nikaendelea. Viatu. Kimoja, kisha kingine. Sasa hakuna aliyepiga makofi. Nilimwangalia shefu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha kofia.

Nikafika kwenye mstari. Nikavuta pumzi. Nikasoma: "Miti ya bonde ilikatwa kwa..."

Macho yalitafuta luhusa. Hayakuiona. Palikuwa na neno lingine, linaanza na *i*, katikati limefungwa *dh* kama fundo la ubao ambalo raboti inaruka. I-dhi-ni. Sikulijua. Sijawahi kulisikia sokoni wala kwenye misa, au kama nililisikia lilipita. Nikafikiri wameondoa mstari wangu. Nikafikiri protokole ameshinda, wameandika kitu kingine, jina la ugonjwa, jina la Mungu, sijui. Kidole kimekwama pale. Mtu aliyesoma angeruka neno, angesema lake. Lakini mtu anayesoma kwa kidole anaamini karatasi kuliko mdomo wake. Nilisema, "kwa i..." Nikarudi. "Kwa..."

Baadaye mamzele alinieleza, na machozi yanamtoka, kwamba idhini ni luhusa. Njo kitu kile kile. Alitaka Kiswahili changu kiwe kizuri, kile cha vitabu, ili wale wa viti wasinidharau. "Sikubadilisha maana, papa. Sikubadilisha hata kidogo." Nilimwamini. Hakubadilisha.

Pale juu nilikuwa nimesimama, na uwanja wote unangoja. Nikasikia ngoma ndogo, mara mbili. Kisha sauti ya mama mwimbishaji ikapanda kutoka mabenchi ya nyuma.

Wote wakashika. Kilima chote kikasimama, vitenge vya Pasaka vikasimama, wa Nyalukemba hawakujua maneno lakini walipiga makofi kwa kufuata. Mama mwenye miwani alikuwa anacheza na mtoto wa mwenzake mkononi. Nilisema kwenye mikro, "Ngojeni." Nilisema, "Bado." Mtu wa mikro alifikiri nimeshindwa, akaichukua mkononi mwangu polepole, kwa heshima, sawa vile unavyomchukulia muzee mzigo.

Na shefu akasimama. Akaweka kofia kwenye kiti. Akaja akicheza ile hatua ya polepole ya siku ya matoleo, akapanda jukwaa nililolipigilia mwenyewe misumari, akanikumbatia. Alinuka sabuni. Akanisemea sikioni, "Pole sana, papa. Pole sana na mutoto." Misimu mitatu ilikuwa imepita bila yeye kunipa pole. Mikono yangu ilikuwa chini. Wapiga picha wakapiga, na mtu wa protokole alikuwa amesimama karibu yao, ametoa meno yote.

Kwenye kijitabu cha festivali picha hiyo iko. Mimi na shefu. Chini wameandika kwamba vitabu vinaponya jamii. Maneno yangu yako ukurasa unaofuata, yote, na mstari ule uko, na idhini yake. Nani kilimani atasoma idhini? Kaye yangu waliniletea imefungwa kwa utepe.

Niliporudi kilimani watu walinishika mkono wiki nzima. "Papa, ulishuhudia muzuri." "Papa, sasa moyo iko mwepesi, eh?" Nikawaambia sikumaliza. Wakasema, "Ulimaliza, tuliimba." Nilikwenda kwa mwenye duka nikamweleza mstari uliobaki. Akaniangalia kwa huruma. "Lakini papa, mulikumbatiana."

Sasa siwezi kusema tena. Kabla ya festivali nilikuwa mtu aliyenyimwa neno. Sasa mimi ni mtu aliyepewa mikro, mbele ya mji mzima, akasema, akaimbiwa, akakumbatiwa. Nikifungua mdomo nitakuwa mtu mwenye kinyongo. Mtu wa shirika alinipitia akasema hivyo hivyo, "Ulisamehe mbele ya watu, papa, usiharibu."

Mvua zilianza. Siku moja, asubuhi, mama mwimbishaji alimtuma binti yake aniite, mlango wao unasumbua. Nikachukua raboti na patasi, nikateremka bondeni nikiinama upande wangu. Sikuwa nimefika pale tangu nilipotolewa. Ni hatua kama thelathini chini ya mahali petu. Mahindi yameota pale petu, mazuri sana.

Mlango ulikuwa haufungi chini. Nikautazama bila kuugusa. Fremu ilikuwa imelala kidogo upande wa bonde, kidogo tu, mtu asiye fundi haoni.

"Umegoma mara ngapi?" nikamuuliza.

"Hii ya pili. Ya kwanza nilikata na panga."

Nikakaa kwenye kizingiti. Yeye alikuwa anachagua maharage kwenye sahani, hakuniangalia. Nikamwambia, "Mama, ile siku uliinua wimbo. Nilikuwa nimebakiza mstari moja."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ulikuwa unafika ku shefu. Tulikuwa wote mu ile atelye ya mamzele, papa. Nilikusikia ukisomea pale Jumamosi tatu."

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Nilikuwa nimemhesabu kwenye huruma.

"Sasa kwa nini?"

Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. "Ungemutaja pale mbele ya bakubwa. Bangemuuliza. Bangesema karatasi yake yote iko bure, batu bote batoke mu bonde. Mimi niko mu hii nyumba kwa karatasi yake. Nitapeleka batoto fasi gani? Wewe uko na atelye ya kulala. Bibi yako iko na Katana. Mimi niko na hapa."

"Mutoto wangu alikufa, mama."

"Najua." Sasa aliniangalia. "Miye njo nilimuosha. Tope ilikuwa mpaka mu masikio. Uliulizaka siku moja nani alimuosha?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa Katana na mguu umetundikwa.

Binti yake alikuwa anaruka kamba nje, kwenye udongo mwekundu, na kila alipotua nilisikia kwa miguu yangu pale kizingitini. Nikamwambia mama kuhusu mlango wangu. Nilimwambia yote, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nilivyosimama na raboti na nilivyojua. Nilimwambia kwa maneno yangu, hakuna karatasi, hakuna lililonikwamisha. Nilisema luhusa, nilisema shefu, nilisema mbao zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho, na hakuimba.

Kisha akainuka, akaweka sahani ndani, akaja akashika mlango kwa mkono mmoja ili usicheze.

"Punguza tu kidogo pale chini, papa," akasema. "Batoto banasikia baridi."

Nilipiga magoti, mguu mbaya nyuma. Ubao ulikuwa mkaratusi. Niliujua kwa harufu raboti ilipoingia mara ya kwanza. Nikapunguza kidogo, nikajaribu, nikapunguza tena.

Ukafunga.